Nchi Isiyoandika Hasi

Kistari kidogo namna hii kikikosekana, nani ataumia?

Niliulizwa swali hilo siku yangu ya pili katika nchi ya Chanyani. Aliyeniuliza, Mheshimiwa Pandu, Mwenyekiti wa Baraza la Alama, alikuwa amekichora kistari chenyewe kwa wino katika kiganja chake ili nione udogo wake. Kilikuwa kifupi kuliko punje ya mchele. Nilikuwa nimetumia miaka mitatu chuoni nikisomea uandishi wa programu za kompyuta, nimefaulu mitihani yote ya hesabu, na bado sikuwa na jibu. Nilitabasamu tu. Mheshimiwa akauhesabu ukimya wangu kuwa ndilo jibu, akapangusa kiganja kwa leso, nasi tukaendelea na chai.

Chanyani ni nchi ya milimani, na katika miezi ya katikati ya mwaka baridi yake hugandisha maji ndani ya mabeseni. Watu wake ni wakarimu na wasafi, ila wana haya kupita kiasi. Sheria yao ya kwanza, iliyochongwa juu ya mlango wa kila ofisi, inasema kwamba kila namba ina haki ya kuheshimiwa. Kwa hiyo namba yoyote iliyo juu ya sifuri huandikwa na alama ya kujumlisha mbele yake, na husomwa hivyo hivyo. Nyumba niliyopangiwa ilikuwa jumlisha kumi na nne. Kibali changu cha kuingia kilisema kwamba umri wangu ni +22, na afisa aliyekigonga muhuri aliniuliza, bila mzaha wowote, iwapo huko kwetu tunaacha umri wa mtu utembee uchi. Muuza chai aliponiuliza nataka vijiko vingapi vya sukari, nikajibu, "Viwili." Watu waliokuwa kwenye benchi wakainamisha vichwa kwa aibu niliyowatia, mpaka mama mmoja akaninong'oneza, "Jumlisha viwili, mwanangu. Usitudhalilishe."

Kuhusu namba zilizo chini ya sifuri, sheria ni fupi zaidi: hazitamkwi. Wenyeji hawakani kwamba zipo. Wanachosema ni kwamba alama ya kutoa ni shutuma, na kwamba namba ikishavishwa shutuma hiyo hadharani haina wakili wa kuitetea. Gazeti lao halijawahi kuandika kwamba mavuno yamepungua. Huandika kwamba yameongezeka kwa unyenyekevu. Mwalimu aliyeanza mwaka na wanafunzi arobaini akabaki na thelathini huripoti kwamba darasa lake limepata hewa. Mwaka ambao mto wao ulikauka, taarifa rasmi ilisema kwamba daraja limeongezeka kimo.

Nilicheka niliposikia habari ya daraja. Nasikitika sasa kwamba nilicheka, maana mtu akishacheka huona kama ameshafanya wajibu wake.

Nilikuwa nimekwenda kwa mafunzo ya vitendo, na kazi niliyopewa ilikuwa ya mbao za matangazo. Katika kila kitongoji cha Chanyani kuna ubao mkubwa unaoonyesha vipimo ambavyo maisha ya watu yanavitegemea: joto la mashamba, kina cha maji kisimani, joto la jokofu la chanjo katika zahanati. Kipimo kilikuwa kinatoka kwenye chombo kikiwa kimeandikwa kwenye kikaratasi, kinapita katika ofisi tatu, na siku ya tatu mtu anapanda ngazi kukiandika ubaoni kwa chaki. Baraza lilitaka programu moja itakayofanya kazi ya ofisi zote tatu kwa mara moja. Niliagizwa nizitembelee, nijifunze kila moja hufanya nini, nami nikazitembelea kwa daftari jipya na moyo mkunjufu.

Ya kwanza ni Ofisi ya Staha. Mkuu wake, Bi Mwatima, ni mama mpole anayezungumza kana kwamba kuna mtoto amelala chumba cha pili.

"Sisi hatufuti kitu, mwanangu," aliniambia. "Kufuta ni uongo, na uongo ni haramu. Namba ikija na kile kistari chake, tunakifunika. Tunaacha nafasi tupu pale pale kilipokuwa, ya upana ule ule. Mwenye kujua ataiona ile nafasi, ataelewa."

"Na asiyejua, Bi Mwatima?"

"Asiyejua tumhuzunishe kwa nini?"

Niliandika katika daftari: *mahali pa kistari paachwe wazi.* Lilionekana jambo la busara. Hata katika lugha tunazozitumia kuandikia programu kuna utaratibu wa namna hiyo, wa kuacha nafasi mbele ya namba ili safu zikae sawa.

Ofisi ya pili ni ya Nafasi. Humo meza zimebanana hivi kwamba nilimfikia mkuu wake, Bwana Jecha, kwa kupita ubavuubavu, na tulisalimiana magoti yetu yakigusana. Bwana Jecha ni mtu mchangamfu, mwepesi wa mikono, na ana chuki moja tu maishani.

"Utupu!" alisema. "Utupu ni uvivu wa karatasi. Ukiuachia upenyo mdogo, kesho utakuta ukurasa mzima umelala. Sisi tunabana. Mwanzo wa mstari, mwisho wa mstari, popote penye nafasi isiyo na kazi, tunabana."

"Naona baadhi ya namba zinawafikia zikiwa na nafasi mbele."

Akashusha sauti kwa huruma. "Wale wa Staha ni watu wazuri sana, binti. Lakini mikono yao inatetemeka. Uzee. Tunawarekebishia kimya kimya, wala hatujawahi kuwaambia."

Niliandika: *nafasi zote za mwanzo zibanwe.* Kalamu yangu ilisita hapo. Namkumbuka Bwana Jecha akiniuliza kama wino umeisha.

Ofisi ya tatu ni ya Heshima, chini ya Bi Kazija, mwanamke mrefu mwenye miwani ya mnyororo. Kazi yake ni nyepesi kuieleza. Namba ikimfikia haina alama yoyote, yeye anaelewa kwamba mtu fulani asiye na adabu ameivua huko njiani, basi anaivisha alama ya kujumlisha na kuipeleka ubaoni.

"Zinafika nyingi zikiwa uchi?" nilimuuliza.

"Msimu wa joto haifiki hata moja. Msimu wa baridi, mwanangu, ni aibu tupu. Sijui watu huwa wanapatwa na nini."

"Bi Kazija, ninyi wakuu watatu mmewahi kukaa pamoja?"

"Kila mwaka, kwenye karamu ya Baraza. Mwaka huu ni karamu ya jumlisha thelathini na moja."

"Huwa mnazungumza nini?"

Alinitazama kwa mshangao. "Tunakula."

Nataka msomaji auone mnyororo huu kama nilivyouona, tena kwa mwanga wa mchana, nikiwa nimekunywa chai yangu na akili zangu zote ninazo. Hasi tatu inaingia Staha, inatoka ikiwa nafasi tupu na tatu. Inaingia Nafasi, inatoka ikiwa tatu. Inaingia Heshima, inatoka ikiwa jumlisha tatu. Hakuna aliyedanganya. Kila mmoja alifanya kazi yake kwa uaminifu na akaenda nyumbani kwa amani.

Niliuona. Nilimwendea Mheshimiwa Pandu, nikamwomba ruhusa ya kuijaribu programu kwa hasi tatu mbele ya Baraza, ili wote waone. Alikunja uso kana kwamba nimeomba kuleta maiti sebuleni.

"Binti Rehani, kwa nini mfano mbaya? Tumia mifano mizuri. Jumlisha tano. Jumlisha kumi na mbili. Zipo namba nyingi tu."

Nikatumia tano na kumi na mbili. Siku ya majaribio wajumbe walijaa ukumbini, na kwa kuwa walitaka kuona kasi, chombo cha kupimia kilitumbukizwa katika beseni la maji ya barafu. Kipimo kikashuka chini ya sifuri kwa sehemu ndogo sana, sehemu nne za kumi. Programu ikakikadiria kuwa sifuri, kama nilivyoiagiza. Lakini kompyuta ina kumbukumbu ya ukoo: sifuri iliyotoka upande wa chini huendelea kubeba kistari chake. Nami nilikuwa nimeiambia ikifunike kistari cha namba iliyo ndogo kuliko sifuri, na sifuri haiwezi kuwa ndogo kuliko sifuri, hata ikiwa na kistari. Basi ikapenya. Mbele ya wajumbe wote ubao ukaandika: −0.

Mjumbe mmoja alifunika macho. Mwingine alitoka nje.

"Sifuri gani hii?" aliuliza Mheshimiwa Pandu. "Sifuri ina kosa gani?"

Wakajadili kwa siku mbili. Kundi moja lilishikilia kwamba sifuri haina cheo na iachwe bila alama, kama mtoto mchanga asiye na madaraka. Kundi la pili lilidai kwamba kuiacha bila alama ni kuiweka mahali pa kushukiwa, hivyo ivishwe ya kujumlisha. Kulikuwa na mjumbe wa tatu, peke yake, aliyependekeza ivishwe alama zote mbili, moja juu ya nyingine, akazomewa hadi akakaa. Katika siku mbili hizo hakuna aliyeuliza beseni lilikuwa na baridi kiasi gani.

Nilirekebisha. Niliiagiza programu iondoe kila kistari bila kuuliza kimetoka kwa nani, ibane kila nafasi, ivishe kila namba. Ilifanya kazi ya siku tatu kabla jicho halijapepesa. Walinipigia makofi wakiwa wamesimama. Mheshimiwa Pandu alisema kwamba vijana wa namna yangu ndio wanaolipatia taifa alama yake. Swali langu la hasi tatu nililikunja pamoja na daftari, nikaviweka vyote mfukoni.

Jambo ambalo sikulifahamu ni hili: uzembe wa zamani ulikuwa ukiwalinda watu. Ubao uliochelewa siku tatu haukuaminiwa na yeyote. Wakulima waliutazama kama mtu anavyoitazama picha yake ya harusi, kwa mapenzi, kisha wakainama kushika udongo kwa mikono. Sasa ubao ulisema papo hapo, kwa taa nyekundu, mchana kutwa, nao wakauamini. Baraza likaenda hatua moja zaidi. Liliagiza vipimajoto vyote vya kioo vikusanywe na kupelekwa ghalani kwa shukrani, kwa kuwa vilikuwa na tabia ya kuonyesha vistari.

Baridi ilianza mwezi uliofuata.

Siwema ni muuguzi wa zahanati ya Bondeni, na chanjo za kitongoji kizima ziko chini ya mkono wake. Alinikuta ofisini asubuhi moja, amevaa sweta juu ya sare, hakutaka kukaa.

"Wewe ndiye mwanachuo mwenye ubao?"

"Ndimi, dada."

"Basi nifuate, uje uniambie ni mimi nimepofuka au ni ubao wako umelewa."

Juu ya mlango wa zahanati ubao wangu uliwaka: jokofu la chanjo, +3. Nilijisikia vizuri kuuona. Chanjo hutunzwa kati ya jumlisha mbili na jumlisha nane. Jumlisha tatu ni mahali pazuri pa kulala. Siwema alifunga mlango nyuma yetu. Akatoa kipimajoto cha kioo kutoka ndani ya soksi yake.

"Hiki hakikuwa cha kwenda ghalani?"

"Kilipotea," alisema. "Mimi ni msahaulifu sana."

Akakiingiza ndani ya jokofu, tukasubiri. Uzi mwekundu ulishuka, ukaivuka sifuri, ukasimama vistari vitatu chini yake. Nililiangalia jokofu, nikaangalia kipimajoto. Sikuhitaji kuelezwa. Nilikuwa nimeuandika mnyororo ule kwa vidole hivi.

"Labda kimeharibika," nilisema, na nilijua kwamba hakijaharibika.

"Haya, labda." Akaweka vichupa viwili mezani. "Hiki kililetwa jana ndani ya boksi la baridi, hakijaingia humu. Na hiki nilikitoa humu alfajiri kikiwa jiwe, nikakiacha kiyeyuke. Tikisa vyote viwili, uviweke chini, usizungumze."

Nilitikisa. Dakika chache zilipita. Cha kwanza kilibaki na weupe wake sawasawa, kama maziwa yaliyochanganywa maji. Cha pili kilikatika: vijipande vikaanza kuzama, na juu yake maji yakabaki bila weupe wowote, yamekufa.

"Hii ya pepopunda na kifaduro, ikiganda mara moja tu imekwisha," Siwema alisema. "Kuyeyuka hakuirudishi. Na ubaya wake, mdogo wangu, ni kwamba haionekani. Nikimchoma mtoto dawa hii atalia kama kawaida. Mama yake atambembeleza kama kawaida. Nitaandika kadi kama kawaida. Wataondoka hapa wana kila kitu isipokuwa kinga. Mpaka siku kifaduro kitakapopita."

"Siku ya chanjo ni lini?"

"Kesho. Watoto sitini na wawili." Hakusema jumlisha. Ilikuwa mara ya kwanza kusikia namba katika nchi ile ikitamkwa kama ilivyo.

"Kwa nini usiagize dawa nyingine?"

Akanionyesha fomu ya kuomba dawa. Mahali pa kueleza sababu palikuwa na kisanduku kimoja tu, kilichochapwa hivi: *Joto: +___*.

"Nijaze nini hapo?" aliniuliza. "Nijaze wimbo?"

Tulikwenda kwenye Baraza mchana ule ule. Niliwaeleza wajumbe mnyororo wote, hatua kwa hatua, nikachora ubaoni. Nilikuwa na imani, na sioni haya kuikiri, kwamba mtu akionyeshwa kosa waziwazi ataliona. Ndiyo imani iliyonipeleka chuoni.

Bi Mwatima alisikiliza, akasema kwa upole kwamba Ofisi ya Staha iliacha nafasi kama sheria inavyotaka. Bwana Jecha akaruka: nafasi ile ilikuwa ni *makusudi*? Miaka jumlisha thelathini na moja, na hakuna aliyemwambia? Bi Kazija alivua miwani, akasema kwamba kwa hali hiyo yeye amekuwa akivisha marehemu nguo za harusi, na kwamba anataka iandikwe katika kumbukumbu kuwa nguo zenyewe zilikuwa safi. Niliona mwanga. Nilidhani sasa tumefika.

"Kwa hiyo," Mheshimiwa Pandu alihitimisha, "ofisi zote tatu zimefuata sheria. Nazipongeza."

Makofi.

"Mheshimiwa," nilisema, "dawa imeganda."

"Tumekusikia, binti. Tunatafuta suluhisho lenye heshima."

Mjumbe mmoja akapendekeza namba za aina ile ziwekwe ndani ya mabano, kama mgonjwa aliyefunikwa shuka. Bwana Jecha akauliza mabano yatakaa wapi. Mwingine, ambaye nilielezwa kuwa ndiye msomi wao, akatoa wazo lililowafurahisha wote: sifuri yenyewe isogezwe chini kwa hatua kumi, hivyo baridi yoyote ya Chanyani itakuwa jumlisha milele, na hakuna namba itakayoaibika tena.

"Chanjo itajuaje kwamba sifuri imehamishwa?" nilimuuliza.

"Itaarifiwa."

"Kwa maandishi?"

"Kwa maandishi, ndiyo."

Hakutania. Ninaapa kwa kila nilichonacho, yule mtu hakutania. Kisha mtu akauliza iwapo sifuri mpya, ikishahamia makazi yake ya chini, itaenda na alama au bila alama. Ukumbi ulichangamka, wale wa Vaa, wa kuivisha, wakakaa upande wao na wale wa Vua, wa kuiacha bila alama, upande wao, na nikajua kwamba siku imekwisha.

Siwema alisimama. "Waheshimiwa, mimi naomba kitu kimoja. Nawaomba mniruhusu kesho niwaambie kina mama jokofu lilifika wapi."

"Waambie," alijibu Mheshimiwa Pandu. "Waambie tatu. Kuna mtu amekukataza kusema tatu?"

"Tatu ya wapi, Mheshimiwa?"

"Bi Siwema." Sauti yake haikupanda. "Una miaka jumlisha tisa kazini. Anayetamka alama ile hadharani huacha sare yake mlangoni. Unaijua sheria. Una watoto wako pia. Kesho chanjo itatolewa, ubao unasema jumlisha tatu, na suala hili tumelikabidhi kwa kamati."

Siwema alikaa. Sijawahi kumwona mtu mkali akikaa kwa namna ile, kama nguo iliyoanguka kutoka kwenye kamba. Tukatoka. Karibu na zahanati akasema tu, "Kwako ni mafunzo, wewe utarudi kwenu. Kwangu ni ugali wa watu wanne. Usinitazame hivyo."

"Sikutazami vibaya, dada."

"Unanitazama kama mtu wa chuo."

Alikuwa na haki. Nilikuwa nimeanza kufikiri kwamba kuwaambia kina mama ni jukumu lake, kwa kuwa jokofu ni lake na sindano ni yake. Nilikaa na wazo hilo muda wote uliobaki wa mchana, nikiligeuzageuza, na kila upande nilioligeuza nilikuta jina langu. Kistari hakikufutwa na Siwema.

Asubuhi foleni ilikuwa imefika hadi barabarani. Watoto walikuwa wamefungwa mgongoni kwa kanga mbili mbili kwa ajili ya baridi, na mvuke ulitoka vinywani mwa mama zao wakizungumza. Beseni la kunawia mikono mlangoni lilikuwa limeshika utando wa barafu. Mwanamke mmoja, Mama Tausi, wa kwanza kwenye mstari, aliuvunja utando ule kwa kidole, akanawa, akainua macho kuutazama ubao.

"Jumlisha tatu," alisema kwa kuridhika. "Leo hali ya hewa nzuri."

"Nzuri, na masikio yako yamekuwa mekundu kama pilipili," alijibu mwenzake wa nyuma.

"Masikio yangu hayajasoma. Ubao umesoma."

Wakacheka, foleni nzima. Mtoto mgongoni kwa Mama Tausi aliamka, akachungulia, akaniangalia kwa ule utulivu wa watoto wa miezi miwili ambao hawajui bado kumwogopa mtu. Ndani, Siwema alikuwa amepanga sindano. Mikono yake ilikuwa juu ya meza na hakuwa akifanya nayo kitu. Mheshimiwa Pandu alikuwa amekuja kushuhudia, amevaa koti zito, nikafurahi kwamba angalau yupo.

Nilikwenda nyuma ya ubao, nikafungua kisanduku chake, nikaizima programu. Taa nyekundu zilizimika. Minong'ono ikaanza, kwa kuwa ubao mtupu ulikuwa jambo ambalo watu wale hawajawahi kuliona; Bwana Jecha angeugua. Nilipanda juu ya benchi la wagonjwa.

"Binti Rehani," Mheshimiwa Pandu alisema. "Shuka."

"Siku ya pili ya kufika kwangu uliniuliza kistari kikikosekana nani ataumia. Sikukujibu, Mheshimiwa. Naomba nikujibu sasa, mbele ya hawa."

Kisha niliwageukia kina mama.

"Naitwa Rehani, ni mwanafunzi. Dawa iliyomo katika jokofu hili ilifika hasi tatu. Hasi, chini ya sifuri, kama barafu aliyoivunja Mama Tausi katika beseni. Imeganda na haifai, na mtoto atakayechomwa atarudi nyumbani hana kinga. Programu iliyowaambia jumlisha tatu niliiandika mimi. Si muuguzi wenu. Yeye aliligundua kosa hili, akaripoti kwa wakubwa, wakamkataza kulisema. Programu hiyo nimeizima na sitaiwasha tena. Ombi la dawa nyingine nimeliandika kwa jina langu, kisanduku cha joto nimekikata kwa kalamu na pembeni yake nimeandika hasi tatu, na ninaondoka sasa hivi kulipeleka kwenye ghala la dawa kwa mkono wangu. Ni mwendo wa siku mbili kwenda na siku mbili kurudi. Leo hakuna mtoto atakayechanjwa hapa. Rudini siku ya tano."